Namba 41 na Viwavi Walioshiba

Mzee Kipkirui wa Roret aliombwa viwavi mia nne. Alileta elfu mbili na ushei, ndani ya kikapu cha kuchumia chai, kikapu kikiwa mgongoni na mdomo wake umefunikwa gunia na kukazwa kwa kamba ya katani, mafundo mawili, ili wasipigwe na baridi ya njiani.

Dorcus Ouko alimpokea nyuma ya banda la mashine la klabu ya gofu ya Chemogoi. Ilikuwa Ijumaa ya mwezi wa Mei, mwaka 1996, saa mbili kasorobo asubuhi, na ukungu ulikuwa bado umelalia chai.

“Chamgei, mzee.”

“Chamgei mising.” Kipkirui aliteremsha kikapu polepole, kama mtu anayeteremsha mayai. “Hizi hapa. Nilihesabu mpaka mia nne, nikaona ni aibu.”

“Aibu ya nini?”

“Mtu anakuomba mia nne, unampa mia nne? Kwani hapa ni duka?”

“Kazi yangu inataka mia nne kamili, mzee.”

“Basi toa mia nne zako. Hizo zingine ni za kusindikiza.”

Dorcus alikuwa na miaka thelathini na mitatu na hakupenda vitu vya kusindikiza. Baba yake alitoka upande wa ziwa kuja kuchochea boila ya kiwanda cha chai, na yeye alizaliwa papo hapo kwenye laini za nyumba za wafanyakazi, akajua Kipsigis kabla ya kujua kusoma. Alikuwa na diploma ya kilimo na saa ya mkononi iliyosema kweli. Klabu ilimwajiri kutunza viwanja. Lakini kwa miaka sita sasa, kwa ruhusa ya maandishi, alikuwa akifanya jambo la pili: alikuwa akizalisha nyasi ambayo viwavijeshi hawataitaka.

Shida ya viwavijeshi inajulikana na kila mwenye malisho. Hushuka baada ya mvua ya kwanza, weusi, wengi kama neno la umbea, wakala nyasi mpaka ardhini na kuhamia kwa jirani. Klabu ilikuwa na njia moja tu ya kupambana nao, nayo ni dawa ya kupuliza. Kila klabu ilipopuliza dawa, samaki wa bwawa la shimo la nne walielea matumbo juu.

Mwaka 1990 Dorcus alikwenda mazishini Chepseon. Viwavi walikuwa wamepita makaburini wiki moja kabla na kuacha udongo mtupu, isipokuwa pembeni, ambapo nyasi ya kiasi cha mkeka mmoja ilibaki imesimama kijani kana kwamba haikuarifiwa. Wenzake walipokuwa wakiimba, Dorcus alipiga magoti. Waliomwona walisema binti Ouko ana moyo wa ibada. Alikuwa anang'oa.

Nyasi ile ya makaburini ilikuwa ngumu, ya kuchoma nyayo, haifai gofu hata kidogo. Kwa hiyo aliipandanisha na nyasi laini ya grini za zamani, yale mazulia yanayozunguka mashimo ya gofu, ua kwa ua, kwa brashi ya kupaka rangi kucha. Alipata miche mia mbili na kumi na minne. Kila mche aliupa chungu chake, kila chungu viwavi kumi, na baada ya siku mbili alipima uzito wa majani yaliyosalia na uzito wa viwavi wenyewe. Mingi ililiwa. Michache ililiwa kidogo. Mmoja, Namba 41, ulikuwa na jambo la kushangaza: viwavi waliowekwa juu yake walitoka wepesi kuliko walivyoingia. Nao ulikuwa laini vya kutosha kuviringishia mpira.

Ulikuwa na kasoro moja. Kama nyumbu, mtoto wa punda na farasi, Namba 41 haikuzaa. Maua ilitoa, mbegu haikutoa. Ilienea kwa vipandikizi tu, na vipandikizi vyote vilivyokuwepo duniani vilikuwa katika nusu ekari ile kati ya banda la mashine na grini ya tisa. Mkataba wake na klabu ulisema hakuna unyasi utakaotoka pale bila sahihi ya mwenyekiti, na Dorcus alikuwa mtu wa kutii karatasi aliyotia sahihi. Nusu ekari ile ikilimwa, Namba 41 imekwisha.

Na ilikuwa karibu kulimwa. Klabu ilitaka mahali pa kuegesha magari ya wageni. Trekta lilikuwa limeshaagizwa kwa Jumatatu.

Mwenyekiti wa klabu, Johana Chepyegon, alikuwa mwalimu mkuu mstaafu aliyejifunza gofu baada ya pensheni, na watu wote walimwita Mwalimu. Alizisoma karatasi za Dorcus mpaka mwisho, jambo ambalo hakuna mwanakamati mwingine aliyelifanya, kisha akasema, “Madam Dorcus, hesabu nimeziona. Lakini kamati ni watu wa macho. Waonyeshe. Weka wadudu juu ya nyasi yako, weka wengine juu ya nyasi yetu ya kawaida, Ijumaa, watu wakiona. Ikishinda, grini zote tisa ni zako. Isiposhinda, ni magari.”

Viwavi aliokuwa akiwafuga Dorcus kwenye mitungi walikufa wote wiki hiyo hiyo kwa ugonjwa wao, wakining'inia kwenye vifuniko kama soksi zilizolowa. Ndipo aliposikia kwamba malisho ya Kipkirui kule Roret yamevamiwa, akamtumia ujumbe wenye mambo matatu: viwavi wawe mia nne, wawe wakubwa, lakini si wale wanene kabisa wanaokaribia kujizika ardhini, na wasipewe chakula chochote tangu jioni ya Alhamisi. Kipkirui alikubali yote matatu. Kwake kukubali kulikuwa ni adabu, na utekelezaji ni jambo la baadaye.

*

Saa tatu kamili Dorcus alikuwa ameweka visanduku vinne visivyo na sakafu juu ya nyasi, kila kimoja nusu mita kwa nusu mita, vimefunikwa chandarua. Viwili vilikuwa juu ya Namba 41, viwili juu ya nyasi ya kawaida ya klabu. Alitoa viwavi kutoka tabaka la juu la kikapu, akiwahamisha kwa unyoya wa kuku, kumi kumi, mia kila kisanduku. Watu kama ishirini walisimama kuzunguka, wanakamati wakiwa mbele na wafanyakazi wa jikoni nyuma. Kipkirui alipewa kiti. Aliketi amejinyoosha, kofia gotini, kama baba wa bwana harusi.

“Tunangoja nini?” aliuliza Celine, msimamizi wa jikoni, ambaye kwao pia ni upande wa ziwa na aliyemjua Dorcus tangu akiwa na kamasi.

“Tunangoja wale.”

“Mimi nimeacha kabeji kwa moto, nimekuja kuangalia wadudu wakila?”

“Saa tatu tu za kungoja, auntie. Wenye njaa hawachelewi.”

Saa nne viwavi hawakula. Saa tano hawakula. Saa sita ilipogonga Mwalimu aliinama juu ya kila kisanduku, mikono mgongoni, kama anayesimamia mtihani. Juu ya Namba 41 hakuna jani lililoguswa. Viwavi walikuwa wamelala wamejipanga kando ya shina, wengine wamejikunja, wametulia kabisa.

“Wamekataa,” alitangaza Mwalimu. “Mbele ya macho yetu, wamekataa.”

Makofi yakapigwa. Katibu alifungua kitabu cha kumbukumbu. Mtu mmoja alisema kwamba hii itawatia aibu wale wa klabu nyingine, na mwenzake akasema waalikwe haraka ili waione vizuri hiyo aibu.

Dorcus hakupiga makofi. Alikuwa amepiga magoti kwenye kisanduku cha tatu, kile cha nyasi ya kawaida. Nayo haikuguswa. Kisanduku cha nne vilevile. Nyasi ambayo viwavi huila kama ugali wa bure ilikuwa imesimama nzima, na viwavi mia wamelala juu yake kwa amani ya Jumapili mchana.

Aliinuka akaenda kwenye kikapu, akalifungua gunia na kutia mkono mpaka chini. Alitoa uti wa jani la mhindi, mweupe, umekwanguliwa nyama yote. Akatoa mwingine. Chini ya viwavi palikuwa na zigo zima la majani ya mahindi, na hakuna hata moja lililobaki na kitu zaidi ya uti. Alirudisha gunia juu ya kikapu na kumwendea Kipkirui.

“Mzee, uliwapa chakula?”

“Niliwapa.”

“Nilisema wasipewe.”

“Nilisikia.” Kipkirui hakuona haya hata kidogo. “Sasa nikuulize wewe, ulizaliwa hapa, unatujua. Mimi nikimpa rafiki yangu ng'ombe wa kimanagan amtunze, amkamue, akae naye miaka, si huyo ng'ombe anatoka kwangu mbele ya watu?”

“Anatoka.”

“Baba yangu alikuwa anasema, ng'ombe wa kimanagan asitoke hapa na tumbo tupu. Ataenda kule ale kama ambaye hajawahi kuona majani, na watu watasema, kwa Kipkirui mifugo inalala njaa. Hawa ni wangu, wametoka shambani kwangu. Niliwalisha jana jioni. Nikawalisha saa kumi alfajiri. Na wakala njiani. Wamefika wakiwa na heshima.”

“Wamefika wameshiba, mzee. Aliyeshiba hali.”

Kipkirui alifikiri. Alitazama visanduku vinne, akatazama wanakamati waliokuwa wakishikana mikono, na uso wake ukaanza kukunjuka upande mmoja.

“Kwa hivyo umeshinda kwa sababu yangu.”

“Sijashinda.”

“Lakini wao wanasema umeshinda.”

“Kwa sababu hawajaangalia visanduku hivi viwili.”

“Basi usiwaonyeshe,” Kipkirui alisema kwa sauti ya chini, ya upole kabisa. “Mungu amekupa kwa mkono wake mwenyewe, wewe unataka kumrudishia umwambie ahesabu tena?”

Celine alikuwa amesogea kusikiliza. “Sikiza mzee,” alisema. “Leo peke yake, sikiza mzee.”

Dorcus alipima jambo hilo kama alivyopima kila kitu. Akinyamaza, anapata grini tisa mchana huu, na Namba 41 inapona. Tena aliamini kwamba Namba 41 ilistahili. Vyungu vilikuwa vimemwambia hivyo kwa miaka. Kasoro ni moja: yaliyoonekana leo hayakuwa ushahidi wa kitu chochote isipokuwa ukarimu wa watu wa Roret. Na viwavi wale wangeamka na njaa usiku, waile nyasi ya klabu au waile ya kwake, na yeye angekuwa tayari amepokea grini tisa kwa jambo asilolijua.

“Mwalimu,” alisema. “Jaribio halijasema kitu.”

Makofi yalikwisha kwa awamu, wa mbele kwanza, wa nyuma baadaye. Dorcus alieleza. Alionyesha kisanduku cha tatu na cha nne, alionyesha uti wa jani la mhindi. Alitumia maneno machache, jambo lililofanya yote yaeleweke haraka mno.

“Kwa hivyo,” alisema Mwalimu, “unaniambia nisikupe nilichokuwa nakupa.”

“Nakuambia tungoje mpaka asubuhi.”

“Kesho saa nne kuna mashindano ya kombe. Wageni wa mashamba manne. Kamati inakaa leo saa nane, haikai tena mpaka mwezi wa saba. Trekta ni Jumatatu.”

“Najua.”

“Unajua, na bado unasema.”

“Ndiyo, Mwalimu.”

Johana Chepyegon alikuwa amesahihisha mitihani kwa miaka thelathini na miwili, na hakuna mtoto hata mmoja aliyewahi kumrudishia karatasi kwamba amepewa alama zaidi. Alimtazama Dorcus kwa muda, kama kitu kilichomkosea na kumfurahisha kwa pamoja.

“Sawa. Kamati itaniachia mimi. Nitakuja kesho saa moja. Kila jani lililoliwa kwenye visanduku vyako viwili utalijumlisha, maana nakujua unaweza. Jumla ikizidi ukubwa wa kiganja changu, hiki, pamoja na vidole, ni magari. Na usije kuniambia eti walikuwa na huzuni.”

Celine alirudi kwenye kabeji yake akizungumza peke yake kwa Kijaluo. Kipkirui alialikwa chakula na kulala kwa mpwa wake aliyefanya kazi kiwandani. Alasiri nzima Dorcus alijibu maswali ya wanakamati waliotaka kuelezwa upya, mmoja mmoja, ni vipi mtu anaweza kushinda na asishinde. Viwavi elfu moja na mia sita wa kusindikiza walibaki kwenye kikapu ukutani mwa banda. Gunia lilikuwa juu yao. Kamba ilikuwa chini, pale alipoiacha.

*

Jumamosi saa kumi na mbili na nusu Dorcus alifungua chandarua cha kisanduku cha tatu. Nyasi ya klabu haikuwepo. Palikuwa na vijiti vya rangi ya udongo, na juu yake viwavi wanene, wanaong'aa, wakitafuta kilichosalia. Cha nne kilikuwa hivyo hivyo. Mwenye shibe wa jana alikuwa amekumbuka njaa.

Katika visanduku vya Namba 41 viwavi wote walikuwa juu, kwenye chandarua kwa ndani, wamejikusanya kwenye pembe kama abiria waliokosa njia ya kushuka. Chini yao nyasi ilikuwa kijani. Hapa na pale palikuwa na jani lililoonjwa na kuachwa.

Saa moja kamili Mwalimu alifika na viatu vya gofu, Kipkirui nyuma yake. Dorcus alikuwa na karatasi ya nailoni ang'avu, aliyoichora nukta kwa mistari. Aliilaza juu ya nyasi na kuhesabu kila nukta iliyoangukia sehemu iliyoliwa. Kisha akamwomba Mwalimu aweke kiganja chake juu ya nailoni hiyo hiyo.

“Niliposema kiganja,” Mwalimu alisema, “nilikuwa natumia mfano.”

“Wewe ndiye uliyesema, Mwalimu. Na ulisema hiki.”

Mwalimu alivua saa, akaweka mkono. Dorcus aliuzungushia kalamu.

“Panua vidole, Mwalimu,” Kipkirui alishauri. “Usibane hivyo, huo ni mkono wako mwenyewe.”

“Mzee, wewe uko upande gani?”

“Upande wa mifugo yangu.”

Kiganja cha Mwalimu kilikuwa nukta mia moja na tisini na mbili. Nyasi iliyoliwa, visanduku viwili pamoja, ilikuwa nukta mia moja sabini na saba.

“Umepona kwa kidole gumba,” Mwalimu alisema, akivaa saa. Alionekana kama mtu anayetafuta neno zuri la kuongeza, na pengine angelipata, lakini Celine alitokea kwenye kona ya banda na aproni yake.

“Mwalimu, pole kukatiza. Hapo kwa tisa, ni watu walichoma takataka ama?”

Walikwenda wote wanne. Grini ya tisa, mbele kabisa ya veranda ambako kombe lingetolewa, ilikuwa na doa la udongo lenye ukubwa wa meza ya watu kumi. Shimo lenyewe lilikuwa katikati ya doa, na bendera yake imesimama bila wasiwasi. Pembeni viwavi walikuwa bado wakifanya kazi kwa mstari, kichwa kwa kichwa. Ukisimama kimya ungeweza kuwasikia.

Dorcus alirudi nyuma kufuata njia yao kwa vinyesi, punje ndogo nyeusi zilizotapakaa juu ya umande. Njia ilianzia kwenye kikapu kilichokuwa tupu na gunia lililolegea. Ilishuka ukutani. Kisha ikaingia kwenye ncha nyembamba ya nusu ekari, ambayo yote ilikuwa Namba 41, upana wa hatua nane. Alizipita hatua hizo nane kwa magoti. Punje za vinyesi zilikuwepo kutoka mwanzo mpaka mwisho. Jani lililoliwa hakuliona hata moja. Viwavi elfu moja na mia sita wenye njaa walikuwa wametembea juu ya chakula, hatua nane, bila kukitia mdomoni, wakaenda kula kwa Mwalimu.

Alikuwa ametumia miaka sita kupanga majaribio, na lililo bora kuliko yote lilikuwa limejipanga lenyewe akiwa amelala.

“Ni wa ziada,” alimwambia Mwalimu aliporudi. “Kikapu nilikifungua mimi jana saa sita, na kamba sikuirudisha. Kosa ni langu.”

“Kosa si lake,” Kipkirui alisema. “Ni mimi nilileta wengi.”

“Nyamazeni wote wawili, mnaniharibia hasira.” Mwalimu alitazama doa, akatazama saa. “Saa mbili na ushei zimebaki. Wageni wa mashamba manne.” Kisha akageuka kuitazama nyasi ya hatua nane, iliyosimama kijani na umande wake. Alikwenda akainama. Aligusa kinyesi kwa ncha ya kiatu, akafuata njia kwa macho mpaka kwenye grini, akarudi nayo mpaka kwenye kikapu, mara mbili.

“Walipita hapa.”

“Walipita.”

“Na hawakula.”

“Hata jani moja. Unaweza kutafuta.”

“Sitafuti, umeshatafuta wewe.” Alinyooka, mkono kiunoni. “Jana, Dorcus, nilikuwa nakupa grini tisa. Ulizishika mkononi ukazirudisha. Leo nakupa moja, na hiyo moja ni kwa sababu umeiharibu, haiwezi kungoja mwezi wa saba. Jumatatu trekta litalima pale kwenye tisa. Utapanda hiyo nyasi yako ya nyumbu. Baada ya mwaka nitauliza tena kuhusu zile nane.”

“Na magari?”

“Uwanja wa tenisi. Kuna mtu umewahi kumwona akicheza tenisi?”

Shimo la tisa lilihamishwa hatua kumi na tano, kwenye kona iliyosalia. Mwalimu aliandika kanuni ya siku kwa mkono wake na kuibandika verandani: mpira ukitua juu ya kiwavi, mchezaji anaruhusiwa kuuinua na kuuweka kando bila adhabu, kiwavi asihamishwe. Wageni waliisoma mara mbili mbili. Watatu waliitumia.

Mchana Kipkirui alichukua kikapu chake na kujitayarisha kupanda lori la majani ya chai lililokuwa likirudi upande wa Roret. Lakini kabla ya hapo alisimama kwenye trei za vipandikizi, zilizokuwa zimeandaliwa kando ya banda, akiwa na mikono nyuma.

“Hii nyasi, ng'ombe anakula?”

“Sijui,” Dorcus alisema. “Sijawahi kujaribu ng'ombe.”

“Miaka sita?”

“Ni nyasi ya gofu, mzee.”

“Shamba langu limeliwa lote. Ng'ombe wangu saba wanaangalia udongo. Na hapa kuna nyasi ambayo hawa wadudu wanaikanyaga tu kama barabara, na wewe hujui kama ng'ombe anakula.” Alitikisa kichwa. Hakuwa anamlaumu, alikuwa anamhurumia. “Basi kazi bado hujamaliza.”

Dorcus alisema kwamba vipandikizi ni mali ya klabu na vina utaratibu. Kipkirui alisema utaratibu ni kitu kizuri. Dereva wa lori alipiga honi, Dorcus akaitwa verandani kueleza viwavi kwa wageni, na waliagana kwa kupungiana mikono kwa mbali.

Jumatatu asubuhi, trekta lilipokuwa likigeuza udongo wa grini ya tisa, Dorcus alihesabu trei kabla ya kupanda. Trei kumi na moja zilikuwa na vipandikizi hamsini kila moja. Ya kumi na mbili ilikuwa na arobaini na vinne. Nafasi sita zilizokuwa tupu zilikuwa zimefukiwa vizuri kwa udongo na kusawazishwa kwa kidole, kazi ya mtu anayeheshimu shamba la mwenzake.

Alikaa juu ya ndoo akafungua daftari. Kulikuwa na safu ya “vilivyokufa” na safu ya “vilivyopotea”. Hivi havikufa, na kupotea havikupotea. Alijua viko wapi kwa kosa lisilozidi mita mia. Angeweza kuacha safu zote mbili tupu na kujumlisha mia tano tisini na vinne, lakini jumla hiyo isingekuwa kweli. Alichora mstari, akaandika chini yake, kisha akapeleka daftari kwa Mwalimu, aliyekuwa amesimama akilitazama trekta na kikombe cha chai mkononi.

Mwalimu alisoma kwa sauti. “Kituo cha pili, Roret. Vipandikizi sita. Jambo linalopimwa: ng'ombe. Msimamizi, mzee Kipkirui.” Aliteremsha daftari. “Hiki kituo kilipitishwa lini?”

“Jumamosi, kati ya saa saba na saa nane.”

“Na huyu msimamizi anajua kwamba ni msimamizi?”

“Bado. Nitampelekea barua na dereva wa lori. Ana ripoti ya kwanza mwisho wa mwezi.”

Mwalimu alimpa kikombe amshikie, akatafuta mfukoni, akatoa kalamu.